Kutoka radiumu ya Shinkolobwe mpaka taa ya wati 9: historia ya mwangaza unaotuliza ngozi

Mwezi wa kumi pale kwetu Likasi, mbele mvua ianze, joto linapiga mpaka mabati yanalia. Kikula mzima watu wanatembea na singileti. Yaya yangu peke yake alikuwa anavaa shimizi ya mikono mirefu, vifungo vyote mpaka shingoni. Mimi nilikuwa bado G2 ya historia. Siku moja nikamuuliza: «Yaya, unavalaka vile juu ya nini, na hii joto yote?» Akanijibu bila kunitazama: «Batu ba mu kartiye banasema niko na maukoma. Haina maukoma. Lakini nitaelezea batu bangapi?»

Haikuwa ukoma kweli. Ilikuwa soriasisi. Munganga mmoja wa ngozi kule Lubumbashi alimwambia jina lile baada ya miaka mitatu ya kupakwa pomade za kila aina, na baada ya mama kumpeleka kwa watu ambao sitawataja hapa. Viwiko, magoti, mgongo, kichwa: mabaka magumu yenye magamba meupe, na chini yake rangi ya zambarau au ya majivu. (Vitabu vingi vinasema «nyekundu», kwa sababu waandishi walikuwa wanatazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu ule hauonekani vizuri, na ndiyo sababu moja watu wetu wanachelewa kujulikana ugonjwa.) Kisha binamu mmoja aliye Ubelgiji akatuma ujumbe: huku kuna watu wanajitibu nyumbani na taa. Taa! Sisi wote tulicheka. Yaya hakucheka. Akaniambia: «Weye unasomaka historia. Utafute hii kintu inatoka wapi.»

Basi nilitafuta. Hii ndiyo niliyopata, na sikutegemea kwamba njia ingepita karibu na mlango wetu.

Tuanze na jina la ukoma, kwa sababu lile kosa la majirani wa Kikula lina umri mrefu kuliko Kikula. Mwanzoni mwa karne ya 19, munganga wa London, Robert Willan, ndiye alieleza vizuri sura ya ugonjwa huu. Lakini hata yeye aliacha neno «lepra» ndani ya majina aliyoupa. Ilibidi kungoja Vienna, mwaka wa 1841, ambapo Ferdinand von Hebra alikata kabisa: soriasisi ni kitu kimoja, ukoma ni kingine. Leo tunajua kwamba hauambukizi. Ni kinga ya mwili yenyewe inayochanganyikiwa na kuchokoza ngozi, hadi seli ambazo kwa kawaida zinachukua karibu mwezi mmoja kupanda juu na kuanguka zinapanda kwa siku chache tu. Zinarundikana, ndiyo yale magamba. Hauponi moja kwa moja. Unatulizwa, unarudi, unatulizwa tena. Mtu wa soriasisi hatafuti dawa ya wiki mbili. Anatafuta namna ya kuishi miaka 40.

Sasa mwangaza. Watu wa kale walijua kwamba jua linasaidia ngozi fulani, lakini aliyegeuza mambo hayo kuwa sayansi ni Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, aliyefanya kazi Copenhagen. Mwaka wa 1896 alifungua taasisi yake ya mwangaza. Alikuwa anatibu kifua kikuu cha ngozi, ule ugonjwa uliokuwa unakula nyuso za watu, kwa taa kubwa za umeme zenye vioo vya kukusanya mionzi. Mwaka wa 1903 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikufa, na umri wake ulikuwa miaka 43 tu. Mwenyewe alikuwa mgonjwa muda mrefu, na ninafikiri mtu mzima asingekuwa na subira ya kukaa kutazama vile jua linavyogusa mwili.

Finsen hakutibu soriasisi. Lakini alifungua mlango: mionzi ni dawa. Na mara mlango ulipofunguka, kila mtu aliingia na mionzi yake, mizuri na mibaya.

Hapa ndipo Likasi inaingia.

Marie na Pierre Curie waligundua radiumu mwaka wa 1898. Mwaka wa 1901 Henri Becquerel alibeba kipande katika mfuko wa koti lake, kikamchoma ngozi. Waganga wakasema: kama kinachoma ngozi nzima, kinaweza kuchoma na ngozi mbaya. Mwaka uleule, hospitali Saint-Louis ya Paris, Henri Danlos alianza kuweka radiumu juu ya magonjwa ya ngozi. Shida ilikuwa moja: radiumu haikupatikana. Gramu moja ilizidi dola 100,000.

Mwaka wa 1915, Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa anatafutia Union Minière madini, aliona mawe ya rangi za ajabu pale Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka kwetu. Ilikuwa uraniumu, na ndani ya uraniumu mna radiumu. Vita ilikuwa bado, wakanyamaza. Mwaka wa 1921 wakaanza kuchimba, na mwisho wa 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiumu ya kwanza kutoka mawe ya Katanga. Mawe yetu yalikuwa tajiri sana kiasi kwamba migodi ya Colorado, Marekani, ilifungwa kwa kushindwa ushindani, na bei ikashuka mpaka karibu dola 70,000. Kwa miaka mingi Ubelgiji ndiyo iliuzia dunia radiumu. Wazee wetu walichimba na kuchagua yale mawe kwa mikono. Mawe yakatiwa katika magunia, magunia yakapanda treni, na kule mbali yakawa sindano na vibao vya kutibu watu wenye pesa.

Jina la Shinkolobwe wengi tunalijua kwa sababu ya bomu: Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka tani 1,200 hivi New York mwaka wa 1940, na sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi wa Wamarekani ilitoka hapa kwetu. Hiyo ni historia tunayoipigia kelele kila siku. Lakini kabla ya bomu kulikuwa na miaka karibu 20 ambapo Shinkolobwe ilikuwa, kwa ulimwengu, mgodi wa dawa. Hilo hatukufundishwa darasani. Na mimi nimelala Likasi miaka yote bila kulijua.

Niseme wazi, kwa sababu nimeshasikia vijana wakisema mambo: radiumu na taa ya soriasisi si kitu kimoja. Mionzi ya radiumu inapita nyama na mifupa, inavunja mwili kutoka ndani. Mwangaza wa ultraviole unaishia kwenye ngozi. Waganga wa zamani walijaribu mionzi mikali juu ya soriasisi pia, eksirei laini na vitu vya jamaa ya radiumu, na mabaka yaliondoka kweli. Miaka ikapita, kansa ikaja. Leo hakuna munganga mwenye akili anayefanya hivyo. Mtu akikuletea jiwe la Shinkolobwe akisema «linaponyaka ngozi», umuache na jiwe lake. Mgodi umefungwa kwa amri tangu 2004, na sababu iko.

Njia ya mwangaza, yenyewe, iliendelea polepole. Mwaka wa 1925, William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alipaka wagonjwa lami ya makaa ya mawe kisha akawaweka chini ya taa ya ultraviole. Ilikuwa chafu, ilinuka, mgonjwa alilazwa lopitali majuma mazima. Lakini ilifanya kazi, na ilibaki kwa miaka mingi. Huko Misri, Abdel Monem El Mofty alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1940 kwamba dawa kutoka mmea mmoja wa bonde la Nile inafanya ngozi isikie jua zaidi. Alikuwa anatibu mabaka meupe, si soriasisi. Mwaka wa 1974 Wamarekani wa Boston walichukua dawa ya jamaa ile, wakaichanganya na taa za ultraviole A, wakaita PUVA. Mabaka ya soriasisi yakayeyuka kama barafu. Mwafrika aliweka jiwe la msingi pale, jameni, tusisahau.

PUVA ilileta mambo mawili yanayotuhusu sisi.

Kwanza, ili kujua mgonjwa aanze na dakika ngapi, Thomas Fitzpatrick alitengeneza mwaka wa 1975 kipimo cha ngozi: mtu huyu anaungua haraka, yule anaungua kidogo. Kipimo cha kwanza kilikuwa na namba nne, zote za watu weupe. Namba ya tano na ya sita, yaani sisi, ziliongezwa nyuma. Leo kila munganga wa ngozi duniani anatumia namba zile, na mtu wa Likasi karibu kila mara atakuwa tano au sita. Maana yake ni ya kazi, si ya siasa tu: ngozi nyeusi inahitaji kipimo kikubwa zaidi cha mwangaza, kwa hiyo mtu anayefuata karatasi iliyoandikiwa ngozi nyeupe atakaa miezi akisema taa haifanyi kitu.

Pili, waliwafuata wagonjwa 1,380 wa PUVA kwa miaka mingi sana. Wale waliopata vipindi vingi, mamia, walianza kupata kansa ya ngozi. Na mwaka wa 1990 ikaonekana kwamba wanaume walioacha sehemu za siri wazi chini ya taa walikuwa wanapata kansa pale. Tangu siku ile kila mwanaume anaambiwa afunike. Ninaandika bila haya kwa sababu yaya alitaka kuanza bila kufunika.

Jibu la ile hofu lilitoka kwenye swali dogo: ni mwangaza gani hasa unaotuliza, na ni upi unaounguza tu? Mwaka wa 1981 watafiti wa Boston walipima urefu wa wimbi mmoja mmoja, wakakuta kwamba chini ya nanomita 296 hivi mwangaza unaunguza bila kutuliza soriasisi, na kwamba faida iko karibu na 300 mpaka 313. Kampuni ya Philips ikatengeneza taa iliyotoa karibu nanomita 311 peke yake. Waliita TL-01. Mwaka wa 1988 matokeo yake kwa wagonjwa yalitangazwa. Haina haja ya kumeza kidonge, haina lami, haina harufu. Na kwa sababu haina kidonge, ilikuwa rahisi kuiondoa lopitali na kuiweka chumbani.

Waganga wengi hawakupenda. Walisema mgonjwa peke yake nyumbani atajichoma, atazidisha, ataharibu. Waholanzi wakaamua kupima badala ya kubishana: wagonjwa 196, nusu nyumbani, nusu lopitali. Mwaka wa 2009 walitangaza kwamba matokeo ni sawa, na usalama ni sawa. Wamarekani wakafanya kazi kubwa zaidi, watu 783, na safari hii walihakikisha kwamba ngozi nyeusi zimo kwa wingi. Matokeo ya 2024: baada ya majuma 12, watu 32.8 kwa 100 waliokuwa nyumbani ngozi yao ilikuwa safi au karibu safi. Waliokwenda lopitali, 25.6 kwa 100. Nyumbani ilishinda kidogo! Sababu si siri. Zaidi kidogo ya nusu ya watu wa nyumbani walifuata vipindi vyao vizuri. Kati ya wale wa lopitali, hata mmoja kwa watano hakufika. Nani ana falanga za taksi mara tatu kwa juma, miezi mitatu? Kama Mmarekani anashindwa, fikiria mtu wa Panda ambaye taa ya karibu, kama ipo, iko Lubumbashi, kilomita 120.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia ya taa ni pia historia ya kuran.

Likasi imezungukwa na maji ya umeme. Mwadingusha kwenye mto Lufira ilianza kazi 1930, wakaiita Francqui. Koni ikafuata 1950. Kwenye Lualaba, Nzilo na Nseke zilijengwa katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 ikaja ile laini ndefu kutoka Inga, kilomita 1,700, ikapita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata balbu moja. Vyote vilijengwa kwa ajili ya shaba: Shituru inataka kuran usiku na mchana, maana electrolisi haingoji. Sisi tunapata kinachobaki. Watoto wa Kikula wanajua delestaji kabla ya kujua kusoma, na ile kelele ya «Kuran inarudiaaa!» ndiyo wimbo wa taifa wa kartiye.

Kwa hiyo taa ya yaya ilipofika, imefungwa kwenye nguo katika valizi ya mtu, swali la kwanza halikuwa la ngozi. Lilikuwa: itawaka? Ilikuwa ile ndogo ya kushika mkononi, yenye umbo la kitana. Ndani yake mna kijiti cha wati 9. Wati tisa, bandugu! Balbu yetu ya sebuleni inakula zaidi. Kabati kubwa za lopitali zina mirija ya wati 100 kila mmoja, yenye urefu wa mtu, na hizo ni hesabu nyingine. Lakini wati 9 unaweza kuzipata kwenye betri na panneau moja ya jua juu ya bati. Tukafanya hivyo baada ya miezi miwili, kwa sababu ya voltaji. Kuran ya kwetu jioni inashuka, taa inakuwa hafifu, na kipimo ulichoandika si kipimo ulichopata. Kisha usiku wa manane inapanda ghafla. Mtu ambaye ameongeza sekunde kwa kufuata taa dhaifu, siku kuran inakuwa na nguvu anaungua. Yaya aliungua mara moja, kwenye goti la kushoto.

Na kuungua kwa mtu wa soriasisi si kuungua tu. Heinrich Köbner alieleza tangu karne ya 19 kwamba pale ngozi ya mgonjwa inapojeruhiwa, soriasisi mpya inaota palepale. Goti lile lilichukua muda kusamehe.

Wengine watauliza: na jua letu je? Tuko karibu mita 1,300 juu ya bahari, nyuzi 11 kusini mwa ikweta, jua ni bure. Ni kweli, linasaidia. Wakati wa kiangazi yaya alipokuwa analima kwa koko, mikono ilikuwa inapona mbele ya mgongo. Lakini jua linaleta mionzi yote pamoja, ya faida na ya kuunguza, na halina kitufe. Wazee wanashauri jua la saa moja asubuhi. Ni tamu, ila ultraviole B saa ile ni kidogo sana. Saa sita iko nyingi, na ndiyo saa ya kuungua. Jambo jingine: ni nani mwenye soriasisi atakaa uani bila shati saa sita mchana, Kikula, majirani wakitazama? Nyumbani maana yake ni mlango unaofungwa. Wazungu walipopima taa ya nyumbani walihesabu safari na masaa ya kazi. Haya hawakuyahesabu.

Nimeahidi yaya kwamba nitaandika na hili. Sokoni kuna taa zinauzwa «ultraviole» kwa bei ya chini. Nyingi ni zile za kuua vidudu, zilizojaa mjini tangu korona. Hizo zinatoa nanomita 254. Ukizitumia utaunguza ngozi na macho, na soriasisi haitasikia kitu. Taa ya soriasisi imeandikwa UVB na 311, inakuja na miwani, na inaanza na munganga: kuna dawa za kawaida, kama doxycycline, zinazofanya ngozi iungue haraka, na kuna watu ambao hawafai mwangaza kabisa. Yaya alikwenda Lubumbashi mara moja kabla ya kuanza, na anarudi mara mbili kwa mwaka. Si kila siku, mara mbili.

Mwaka wa 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubali kwamba soriasisi ni ugonjwa wa kudumu, unaoumiza na kulemaza, na kwamba nchi zinapaswa kupigana na unyanyapaa wake. Congo iko katika mkutano ule kama nchi nyingine. Pale Moshi, Tanzania, kuna kituo kinachofundisha waganga wa ngozi kwa ajili ya Afrika tangu 1992. Ninawaambia wale wa medisini wanaosoma hapa: Katanga yetu inawangoja.

Yaya ana daftari, lile la shule lenye majedwali ya kuzidisha nyuma. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anaandika: tarehe, kiwiko, sekunde ngapi, betri imejaa au hapana, ngozi imewasha au haikuwasha. Kuna kurasa zilizoandikwa tu «kuran hakuna». Kuna miezi mitano ambapo hakuandika kitu, maana ngozi ilikuwa safi na munganga alisema apumzishe. Kisha mwezi wa pili mwaka huu mabaka mawili yakarudi, nyuma ya sikio na kwenye kiwiko cha kulia. Hakukasirika. Alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaniomba nishike saa.

Alikuwa amevaa singileti.